Folio ya Thelathini na Moja

Sifa zilimfikia Rachael siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, na hakuwa amezitafuta. Bwana Osundwa, mkuu wa utawala katika idara yao, alimwita ofisini akamwonyesha kiti. Hilo peke yake lilimtisha. Kwa miaka sita ambayo Rachael alikuwa afisa wa wafanyakazi chini ya mtu huyo, alikuwa akipokea maagizo amesimama, mkono mmoja umeshika faili na mwingine umeshika kitasa cha mlango.

“Keti, Madam, keti,” Bwana Osundwa alisema. “Leo nataka kukupongeza. Miezi miwili sasa Nairobi wamenikaba koo na waraka wao. Punguza watu, punguza watu. Nilikuwa sina la kuwajibu. Kumbe wewe umeshafanya kazi yote, umeiweka kwa faili na kunyamaza!”

Akamsukumia faili. Lilikuwa EST/7, faili la idadi ya wafanyakazi wa idara. Rachael akatazama ukurasa uliokuwa wazi. Pale juu, kwenye kona, palikuwa na namba ya wino mwekundu, 31, na chini yake palikuwa na zoezi lake la darasani.

Nieleze kidogo, kwa sababu jambo hili lisingetokea kwa watu wengine isipokuwa watu wa ofisi. Tangu mwanzo wa mwaka huo wa 1998, Rachael alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeanza kutuma wahadhiri Kakamega kila Jumamosi. Walifundishia katika madarasa ya kukodi ya shule ya msingi, na maafisa wazima wenye vitambi walibanana kwenye madawati ya watoto wakinakili habari za ufanisi. Katika somo la usimamizi wa serikali waliambiwa hivi: chagua sehemu moja ya ofisi yako, pima kazi yake, useme inahitaji watu wangapi, na uiandike kama ripoti halisi kwa mkuu wako. Rachael alichagua masijala, chumba cha kutunzia faili. Aliipiga taipu wakati wa chakula cha mchana, akaweka mpaka namba ya faili la kweli ili ipendeze. Nakala ya juu akampa mhadhiri. Nakala ya kaboni akaitia ndani ya folda ya kahawia, kwa maana mtu wa serikali hana folda ya rangi nyingine, kisha akaitia mkobani pamoja na kazi za ofisi alizokwenda nazo nyumbani. Jumatatu asubuhi alizitoa zote kwa mkupuo mmoja, akaziweka kwenye trei ya karatasi zinazotoka.

Trei ile haiulizi kitu. Kilichomo hubebwa mpaka masijala, na karatasi yenye namba ya faili ikifika masijala hutobolewa matundu, hufungwa ndani ya faili hilo, na hupewa namba yake kwa wino mwekundu. Namba hiyo ndiyo wanayoiita folio. Karatasi ikishapata folio, imekuwa ya serikali.

“Hapa ndipo umeniua kabisa,” Bwana Osundwa alisema, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. “‘Kazi ya masijala haihitaji uamuzi wowote. Yeyote anayeweza kuhesabu hadi mia anaweza kuifanya. Makarani wanne waliopo waondolewe, na nafasi zao zichukuliwe na karani mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta.’” Akacheka mpaka akapangusa macho. Idara haikuwa na kompyuta hata moja, lakini hilo halikumpunguzia raha. “Na mzee wako si ndiye mkubwa wa masijala? Shitanda? Waraka unasema wa kwanza kutoka ni wale hawana cheti cha kidato cha nne. Wenzake watatu wanacho, pengine watahamishwa mahali. Yeye hana. Na bado umeandika! Mwanamke kuweka serikali mbele ya nyumba yake. Hiyo ndiyo sisi tunaitanga uzalendo.”

Rachael alifungua mdomo aseme kwamba ile ilikuwa kazi ya shule tu. Halafu akafikiri jinsi atakavyosema. Kwamba alitumia habari za ofisi kwa masomo yake bila ruhusa. Kwamba alipeleka folda za kazi nyumbani. Na tuseme kweli, kile kiti nacho kilikuwa kitamu. Akafunga mdomo.

“Nimeshaandika hapo,” Bwana Osundwa alisema, na kweli alikuwa ameandika: Nakubali folio 31. Itumwe Nairobi Ijumaa ya wiki ijayo. “Rudisha masijala. Na ahsante sana, Madam.”

*

Kutoka ofisi ya Bwana Osundwa hadi masijala ni hatua sitini za veranda. Rachael alisimama katikati, akafungua faili, akaishika ile karatasi kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi. Kuichomoa kungechukua muda wa kupiga chafya.

Lakini mkubwa alikuwa ameshaitaja kwa namba. Folio ikipotea, haulizwi aliyeipoteza. Huulizwa karani wa masijala, na akikosa jibu hufukuzwa bila hata senti ya kumpeleka kwao. Rachael ndiye aliyekuwa akiandika barua za namna hiyo, alizijua kwa moyo. Akaiachilia.

Shitanda, mume wake, alikuwa kwenye kaunta, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mrefu, mpole wa maneno, aliyeacha shule kidato cha pili karo ilipokatika. Miaka kumi na nane alikuwa katika chumba kile, na katika miaka hiyo folio haikupotea hata moja. Alilisema jambo hilo kanisani, akalisema kwa wakwe zake huko Shinyalu, akalisema hata kwa watu ambao hawakujua folio ni kitu gani.

“Habari ya asubuhi, Madam,” alisema. Kazini alimwita hivyo tangu siku Rachael alipopanda cheo, naye Rachael hakuwahi kumwambia aache.

“Baba Khalayi,” Rachael alinong’ona, “hii karatasi ya thelathini na moja si ya ofisi. Iliingia kwa makosa. Itoe, uweke waraka mwingine wowote kwa hiyo namba.”

“Hapa ni kazini, Madam.”

“Nisikize. Utaiangalia uone vile imesema...”

Shitanda alivuta faili, akalifunga, akaandika kwenye kitabu cha mapokezi: EST/7 imerudi, saa tano kasoro dakika kumi. Kwenye meza ya nyuma Pascalia, karani mwenzake, alikuwa ameacha kupiga mihuri na kutega masikio yote mawili.

“Tutaongea nyumbani,” Shitanda alisema.

*

Walikuwa wakikaa katika nyumba ya serikali huko Amalemba, wawili tu siku hizo, kwa kuwa binti yao Khalayi alikuwa shule ya bweni. Rachael alipofika jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Shitanda alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya tofali, akilinoa jembe. Alikuwa na majembe matatu yamepangwa ukutani. Rachael akakumbuka kwamba tangu wiki iliyopita mume wake alikuwa akiuliza habari za kipande cha shamba lao Shinyalu, kama chai bado inachumwa vizuri, kama nyumba ya huko inavuja. Alidhani ni maneno tu.

Alimwekea chai, akasimama.

“Baba Khalayi, ile karatasi...”

“Niliisoma.”

“Wewe husomangi! Wewe mwenyewe ndiye unasemanga karani wa masijala anasoma kichwa cha barua, haingii ndani.”

“Barua za watu siingii ndani. Hii ilikuwa na taipu yako, ile imevunjika mguu wa m. Nikasema ngoja nione mama ameandika nini.”

“Lini?”

“Siku ilikuja. Jumatatu ya wiki iliyopita.”

Rachael akahesabu kwa vidole bila kujijua. Siku tisa. Katika siku hizo tisa mtu huyu alikuwa amekula naye, amesali naye, amempa nauli, na Jumamosi asubuhi alikuwa amempigia pasi blauzi ya kwenda darasani.

“Na ukaipa namba?”

“Ilikuwa na namba ya faili. Ningeifanya nini, niile?” Akaweka jembe chini. “Nilijua umetumwa. Nikasema, wakubwa wamemlazimisha, na sasa anaona haya kuniambia. Nikangoja. Ile Jumamosi nikipiga pasi nikasema, leo ataniambia. Jumapili tukatoka kanisa nikasema, leo. Nikaanza kunoa hizi jembe ili siku utaniambia, nisikuonyeshe sura mbaya.”

“Sikutumwa na mtu. Ilikuwa ya darasa.”

“Ya darasa?”

“Mwalimu alitupatia zoezi. Haikuwa ya kufika popote.”

Shitanda alimtazama. Rachael alitarajia uso wake ungelegea, maana hii ilikuwa habari njema kwa namna fulani: hakuna mkubwa aliyekuwa amemkusudia mabaya. Lakini uso wake ulikunjamana zaidi.

“Kwa hivyo hata si serikali inataka kunitoa,” alisema pole pole. “Ni wewe ulikuwa unajifunzia juu yangu.”

Rachael akaanza kulia. Alilia kwa hasira.

“Na hizo hesabu,” Shitanda aliendelea. “Barua kumi na tisa kwa wiki nzima. Faili kumi na nne zimetoka. Ulihesabu lini hiyo maajabu?”

“Wiki ya maonyesho ya kilimo.”

Shitanda alisimama kwa nguvu mpaka lile tofali likaanguka. “Wiki ya maonyesho! Si ofisi yote ilikuwa uwanjani? Si hata mimi nilikuwa nabeba mabango, nasimama kwa kibanda naonyesha watu miche? Pascalia peke yake ndiye alibaki, na alikuwa anafuma sweta!”

“Ndiyo wiki Osundwa hakuwa karibu. Ndiyo ningepata nafasi ya kukaa pale na daftari.”

“Na ulijua hiyo si wiki ya kazi.”

Angeweza kusema hakujua. “Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nimechelewa kuandika. Nikasema darasani ni darasani.”

“Mama Khalayi, ile ya kuhesabu hadi mia nimeimeza. Watu wananidharau kila siku na nimezoea. Lakini hesabu ya uongo? Na karo ya hiyo shule ni mshahara wangu unalipa!”

Jambo hilo lilikuwa kweli, na Rachael alikuwa amelifikiria njia nzima akirudi. Mshahara wa Shitanda ukikatika, Jumamosi zake nazo zimekatika. Alikuwa amekata tawi alilokalia, akapewa na sifa juu yake.

“Basi itoe,” alisema akimshika mkono. “Nakuomba kama mke wako. Hakuna mtu atajua.”

“Siitoi.” Akautoa mkono wake, bila ukali. “Nikitoa ya uongo leo kwa sababu wewe umesema, kesho nitaambiwa nitoe ya kweli. Na nitaitoa, kwa sababu mkono utakuwa umezoea.”

Obusuma, ugali wa kwao, waliula jioni hiyo kila mmoja na sahani yake, mmoja mezani, mwingine mlangoni.

*

Jumamosi Rachael alijipigia pasi mwenyewe.

Mhadhiri, Daktari Andati, aliingia na bunda la karatasi kwapani na furaha tele usoni. Alikuwa kijana kuliko wanafunzi wake wengi, na alipenda mambo yaende haraka. “Sabini na nne!” alisema, akiipeperusha kazi ya Rachael juu. “Ya kwanza darasani. Ninyi wengine mmeandika mahubiri. Huyu amepima. Haoni aibu kusema watu wanne ni mzigo. Hivi ndivyo serikali inavyotengenezwa.” Akaanza kusoma. Alipofika kwenye kuhesabu hadi mia, maafisa wote wakacheka, madawati madogo yakalia.

Rachael hakuweza kutulia. Alipandanisha miguu, akaishusha, akaipandanisha tena, akafungua kalamu na kuifunga. Kicheko kile alikuwa amekisikia Jumatano kwa Bwana Osundwa, na siku hiyo alikikalia kimya juu ya kiti kizuri. Akainuka kabla hajajua kuwa ameinuka.

“Daktari, hizo hesabu ni za wiki ya maonyesho. Ofisi ilikuwa tupu.”

Darasa likacheka zaidi, likidhani ni mzaha.

“Na nakala yake imeingia kwa faili la kweli,” Rachael akasema. “Mkubwa ameikubali. Inaenda Nairobi Ijumaa.”

Hapo hakuna aliyecheka. Wote walikuwa watu wa ofisi, walijua maana yake. Mmoja aliyekaa nyuma alianza kupekua folda zake moja baada ya nyingine.

Daktari Andati aliirudia karatasi, akaisoma upya kimya. Furaha ilikuwa imemtoka. “Kwa nini hukuandika kwamba ni wiki ya maonyesho?”

“Kwa sababu nisingepata sabini na nne.”

Mhadhiri akachukua kalamu akaikata ile alama. “Hii utaifanya upya, na itahesabiwa kama marudio,” alisema. Akaonekana kama mtu anayetaka kuongeza jambo la kitabuni, akaliacha. “Mimi hapa nimefuta kwa kalamu tu. Wewe huko kwenu sijui utafutia nini.”

*

Jumatatu, saa mbili na nusu, Rachael alipiga taipu barua ya mistari minne, akaitia sahihi jina lake lote, akaipeleka masijala kwa mkono wake mwenyewe. Folio 31 si ripoti ya idara bali zoezi la masomo yangu. Hesabu zake zilichukuliwa wiki ya maonyesho ya kilimo, ofisi ikiwa haina watu. Nilijua hivyo nilipoandika. Kosa ni langu na si la masijala.

Shitanda aliipokea, akaitoboa matundu, akaandika 32. Akalibeba faili hadi kwa Bwana Osundwa. Kabla saa haijaisha mke na mume wote waliitwa, na safari hii hakuna aliyeonyeshwa kiti.

“Mmeniona mimi mtoto?” Bwana Osundwa alifoka. “Nimeshapiga simu Nairobi! Nimeshawaambia nina ripoti ambayo mikoa mingine haina! Sasa niwaambie nini, ilikuwa homuwaki?” Akamgeukia Rachael. “Na wewe, hii barua yako ni ya kujinyonga. Kutumia siri za ofisi bila ruhusa. Nikiiacha hapa lazima nikuchukulie hatua, unajua hilo?”

“Najua, Mzee.”

Bwana Osundwa alipumua, akashusha sauti. Alikuwa mtu mwenye njia zake. “Shitanda, wewe ni mtu mzima. Toa hiyo thelathini na mbili. Hakuna aliyeiona ila sisi watatu. Mama atabaki msafi na masomo yake. Na wewe, kwa hiyo ripoti, nitaandika kwa mkono wangu kwamba karani mmoja anayebaki ni wewe. Cheti tutajua la kufanya. Hamjapoteza kitu.”

Rachael alimtazama mume wake. Kwa muda mfupi, na sitamficha, alitamani akubali. Vyote viwili vilikuwa mezani, kazi na shahada, na bei yake ilikuwa karatasi moja ya mistari minne na makarani wengine watatu ambao hawakuwa ndugu zake.

“Imeshapata namba, Mzee,” Shitanda alisema.

“Naona! Ndiyo nakuambia uitoe!”

“Mama alikuja Jumatano kuniambia nitoe ya thelathini na moja. Nilikataa, na huyo ni mke wangu. Sasa nikitoa ya thelathini na mbili kwa ajili ya mkubwa, nitamwangalia vipi nyumbani?”

Bwana Osundwa alimkodolea macho. Halafu akaangalia kalenda ya ukutani, maana haja yake kubwa ilikuwa Ijumaa, si vita. Akavuta karatasi, akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Kazi ya masijala ihesabiwe upya, siku tano, Ijumaa saa kumi nipate. “Na barua yako ya onyo itakuja, Madam,” alisema. “Haya, kahesabuni. Na mkinidanganya tena, wote wawili mtapanda chai Shinyalu.”

Shitanda akaichukua ile karatasi. Mlangoni akasimama akaiandika 33.

*

Rachael alihesabu siku tano. Aliwekewa stuli pembeni ya kaunta, mahali tarishi huweka mwavuli, na daftari magotini. Alihesabu kila barua iliyoingia, kila faili lililotoka, kila mtu aliyekuja akidai barua yake ilipotea mwaka wa themanini na tisa. Alipima kwa saa ya mkononi muda uliotumika. Siku ya kwanza makarani hawakumsemesha. Lusweti, mmoja wao, alikuwa akipita akamkanyaga mguu bila kuomba radhi, na Swafia, aliyekuwa akisalimia kila mtu kwa desturi ya Waislamu wa kwao Mumias, assalaam aleikum, alimpita yeye akamsalimia kabati. Pascalia alimwuliza kwa sauti kama amefika mia.

Siku ya tatu alikuja mjane mmoja kutoka upande wa Sigalagala, anatafuta karatasi za marehemu mume wake. Hakujua namba ya faili, hakujua mwaka. Alijua tu kwamba marehemu alifanya kazi ya kuangalia majosho ya ng’ombe. Shitanda alimwuliza maswali matatu, akapanda ngazi, akashuka na faili lenye vumbi. Ilichukua dakika kumi na moja. Rachael aliziandika, kisha akabaki ameishika kalamu tu. Alikuwa ameandika kwamba kazi hii haihitaji uamuzi.

Ijumaa saa tisa alasiri alimaliza kujumlisha. Akajumlisha tena, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Kazi ya juma zima ilikuwa saa mia moja na kumi na sita. Karani mmoja hufanya saa arobaini. Alijua hesabu hiyo ingefika wapi tangu jana yake, na usiku hakupata usingizi.

Makarani waliohitajika hawakuwa mmoja, kama alivyoandika kwanza. Na hawakuwa wanne. Walikuwa watatu.

Pascalia na wenzake walikuwa wameacha kazi, wanamtazama. Wote walijua waraka unavyosema. Wakihitajika watatu, wenye vyeti watatu wanabaki. Anayetoka ana kidato cha pili.

Rachael akasogea kwenye kaunta na daftari. “Saa tano,” alimnong’oneza Shitanda. “Zikiongezeka saa tano tu, wanakuwa wanne. Jumatano stima ilipotea. Naweza kusema tulichelewa.”

“Tulichelewa?”

Rachael alipekua daftari.

“Nakuuliza. Tulichelewa?”

“Hapana. Ulifungua dirisha mkaendelea.”

“Basi umehesabu wangapi?”

“Watatu.”

Shitanda aliitikia kwa kichwa. Aliangalia makabati, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho karibu na dirisha. Midomo ilimcheza kidogo, akaikaza. “Andika,” alisema.

Akaandika. Ilikuwa ripoti fupi, ukurasa mmoja, na alipoimaliza aliitia sahihi akampa. Shitanda akaisoma akiwa amesimama, yote, kutoka kichwa hadi sahihi, na safari hii aliisoma mbele yake. Akachukua kitoboleo, akaitoboa, akaifunga ndani ya EST/7 juu ya zile nyingine tatu. Akatoa kalamu nyekundu, akaandika 34 kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

“Umehesabu vizuri,” alisema.

Rachael alikuwa akilia wazi, mbele ya Pascalia, mbele ya Lusweti na Swafia, mbele ya tarishi aliyekuja kuuchukua mwavuli wake. Hakujali tena cheo. Faili lilipaswa kwenda kwa Bwana Osundwa kabla ya saa kumi, na yeye ndiye wa kulipeleka, naye hakuona hata mahali pa kuweka sahihi. Shitanda akakizungusha kitabu cha faili zinazotoka kuelekea upande wake, akaweka kidole kwenye mstari.

“Hapa, Mama Khalayi,” alisema, kwa sauti ya kusikika na chumba kizima. “Weka sahihi hapa.”